Cheni ya Shemeji Laurenti

Tarsis Mligo aliishi kwa kutengeneza baiskeli pale Makambako, njia za Iringa, Mbeya na Njombe zinapokutana. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kulima mwambani. Vipuri havikuja. Meli zilibeba askari na risasi. Nani angekumbuka cheni za watu wa Ubena? Mwenye duka wa Kihindi aliyekuwa akimletea spoku na mipira alimwonyesha rafu tupu, akainua mabega.

Basi Tarsis alijifunza kuviongezea maisha vitu vilivyokwisha kufa. Alikata vipande vya cheni mbovu kadhaa akaunga moja yenye nafuu. Cheni kavu alizichemsha ndani ya mafuta ya ng'ombe. Gia ya nyuma ikilika meno upande mmoja, aliifungua akaigeuza ili upande mzima ndio ubebe kazi. Lakini alijua pia ujanja unaishia wapi. Aliishika cheni pale mbele, kwenye gia ya pedeli, akaivuta. Ikiachana na jino mpaka mwanga uonekane katikati, hiyo imekwisha. Na meno yakishapinda kama kucha za mwewe, hata ukifunga cheni mpya ni bure, itapanda juu ya meno na kuruka. Vimezeeka pamoja, vitolewe pamoja. Aliwaambia hivyo wateja wote, nao walimjibu neno lile lile: "Sawa, fundi. Vipya viko wapi?"

Asubuhi moja ya ukungu, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, alimwona shemeji yake Laurenti anakuja akiikokota baiskeli. Laurenti alikuwa katekista, na baiskeli hiyo alipewa na misheni ili azungukie vigango vyake, makanisa madogo ya vijijini. Kwenye keria, amejifunika blanketi, alikaa dada yake Tarsis, Juliana. Mimba yake ilikuwa kubwa. Miguu ilikuwa imevimba hadi vidole vimemezwa.

"Kamwene, kaka," Juliana alisalimia kwa Kibena. Alifumba macho kana kwamba mwanga wa ukungu ule nao ulimuumiza. "Kichwa kinanipasuka."

"Tunakwenda hospitali Njombe," Laurenti akasema. "Malori hayana petroli. Nimeuliza kila mahali. Na hii cheni inaruka kila nikipanda kilima. Nitazamie, shemeji."

Tarsis alichuchumaa. Hakuhitaji kutazama sana. Aliivuta cheni mbele ikaja yote mkononi. Meno ya nyuma yalikuwa makali na yamepinda, na gia ile alikwisha kuigeuza yeye mwenyewe mwaka uliopita. Kibaya zaidi, breki ya baiskeli hiyo ilikuwa ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Cheni ikitoka, breki nayo imetoka. Ile ya mbele mpira wake ulikwisha zamani.

"Hii haifai, shemeji," alisema. "Tafuteni watu wambebe kwa machela."

"Watu gani? Vijana wamechukuliwa kazi za vita, waliobaki wako mashambani. Nikianza kuwatafuta leo, tutaondoka lini? Mtazame dada yako."

Tarsis akamtazama. Uso wa Juliana nao ulikuwa umevimba, haukuwa ule aliokua akiuona nyumbani kwa mama yao. Akaingia ndani, akatoa kipande bora cha cheni alichokuwa amekihifadhi, akakiunga. Alijua anachokifanya. Kipande kizima katikati ya cheni iliyolegea, juu ya meno yale, kingeshika kwenye tambarare, lakini hakuna ajuaye kingeachia wapi.

"Sikiliza," akamwambia Laurenti, akimshika mkono. "Kwenye tambarare, panda. Mlimani, shuka usukume. Mteremko wowote, hata uwe mdogo namna gani, shuka uishike kwa mikono. Umesikia?"

"Nimesikia, shemeji."

"Niapie."

Laurenti akaapa. Tarsis akawasindikiza hadi nyumba za mwisho, akarudi kwenye kazi yake.

Habari zilifika na mtu wa Njombe aliyekuwa akienda Iringa kwa miguu. Kwenye mteremko wa mwisho kuelekea mtoni, si mbali na mji, cheni iliachia, baiskeli ikashindwa kusimama, ikaenda kujipiga kwenye magogo ya daraja. Juliana alikufa pale pale, na mtoto naye. Laurenti alivunjika nyonga.

Kwenye mazishi huko Njombe watu hawakusema kitu mbele ya Tarsis. Walisema akigeuka. Mama yao, Oktavia, ndiye aliyesema waziwazi. "Wewe ndiye uliyemfungia cheni ile," akamwambia. "Mikono yako hii." Ingekuwa uongo Tarsis kukataa.

Alipokuwa akiondoka makaburini, mwanamke mmoja aitwaye Vestina, mwenye shamba karibu na daraja, alimvuta kando. Alikuwa akipalilia siku ile, aliona yote. "Hawakuwa wanatembea," alinong'ona. "Walikuwa wamepanda wote wawili, wanashuka kwa kasi."

Kwa hiyo Laurenti alikuwa amevunja kiapo. Tarsis angeweza kurudi na maneno hayo kwa mama yake, na watu wangeacha kumnong'ona. Hakurudi. Laurenti alikuwa amelala hospitalini bila mke wala mtoto. Amwongezee nini tena? Akayameza. Lakini hayakumshuka tumboni. Alifunga kibanda, akaenda kulima ulezi, na miezi mingi hakugusa baiskeli ya mtu. Wenye baiskeli walipomfuata shambani, aliwajibu bila kuinua jembe: "Tembeeni."

Vita vilipokwisha, vipuri vikaanza kurudi kidogo kidogo. Tarsis akafungua tena, lakini alikuwa mtu mwingine. Cheni iliyokwisha hakuiunga kwa mtu yeyote. Wateja waligombana naye, wakamwita mkaidi, wengi wakahamia kwa fundi aliyefungua upande wa pili wa barabara na kuunga chochote alicholetewa.

Ndipo Laurenti akaja. Alichechemea, akiikokota baiskeli ile ile, uma wa gurudumu la mbele umenyooshwa kwa nyundo.

"Wameniambia vipuri vimefika," alisema. "Siwezi kutembelea vigango kwa mguu huu."

Tarsis aliitazama baiskeli muda mrefu. Kisha akaipindua, akaanza kufungua. Alitoa cheni. Akatoa gia ya nyuma, kisha ya mbele. Alipokuwa akigonga pini ya mkono wa pedeli ndipo maneno yalipomtoka, na hakuinua kichwa.

"Mlikuwa mmepanda."

Lori lilipita, vumbi likatulia.

"Alianza kutetemeka mwili mzima, shemeji," Laurenti alisema. "Povu linamtoka. Nilimfunga kwa blanketi mgongoni kwangu asianguke. Mji nauona kule ng'ambo. Alikuwa ananifia mgongoni. Ningetembea?"

Nyundo ikabaki hewani. Tarsis alijaribu kujiona pale juu ya mteremko, uzito wa dada yake ukitetemeka nyuma yake na nyumba za Njombe mbele ya macho. Pengine naye angepanda.

"Sijui," alisema.

Hawakukumbatiana, wala hakuna aliyeomba msamaha. Tarsis alifunga gia mpya mbele na nyuma, akafunga cheni mpya, akapachika na mpira wa breki ya mbele ambao Laurenti hakuuomba. Akaijaribu mwenyewe hadi njia panda na kurudi, akikanyaga breki kila hatua chache kama mtu anayejifunza.

Tangu hapo Laurenti alimletea baiskeli kila mvua zilipokaribia. Tarsis aliivuta cheni, akaitazama, akasema bado au imekwisha. Walizungumza habari za mahindi na baridi. Jina la Juliana halikutajwa. Kwa mama Oktavia, Tarsis hakueleza chochote hadi mama alipofariki, naye alifariki bila kula tena chakula mikononi mwa mwanawe.

Kisha Laurenti alihamishiwa Mlangali. Dereva mmoja wa lori ndiye aliyemletea Tarsis habari kwamba shemeji yake ameoa tena huko, mwanamke wa Kipangwa.

Tarsis aliweka spana chini.

"Vema," alisema. Kisha akauliza kama barabara za huko zina miteremko mingi.