Kidole Changu na Simba wa Bibi Mwanaidi

Mimi kila nikialikwa shughuli Kiongoroni, sahani ya wali ikiwekwa tu mkekani, lazima atokee mtu aseme, "Jamani, kwanza tuoneni mkono wa kulia wa huyu bwana," na watu wazima na akili zao wanacheka mpaka wanashika mbavu. Basi nimechoka. Leo nasimulia aibu yangu mwenyewe kama ilivyokuwa, maana wengine wakiisimulia kila mwaka wanaongeza chumvi, na mara ya mwisho nilisikia eti nililia (sikulia, ulikuwa moshi wa udi).

Wakati huo Mwingereza bado anatawala nami nafanya kazi Kibiti, katika duka la Mhindi mmoja aliyeuza kila kitu, kuanzia mafuta ya taa mpaka peremende. Peremende nyingine zilikuja ndani ya vyombo vya kioo vyenye maumbo, mara kigari, mara kifanusi, mara kuku anayeatamia, na watoto wakishamaliza utamu mama zao wanachukua chombo wanatia wanja au karafuu. Sasa kulikuwa na mke wa Mzungu mmoja wa serikali, yeye wazimu wake ni kukusanya vyombo hivyo, tena vya zamani tu, kwa hiyo Mhindi akanifundisha kuvitambua tusije tukamwuzia cha juzi kwa jina la cha kale. Unapitisha ukucha ubavuni unatafuta mshono wa kalibu, ule mstari unaoachwa na umbo la chuma linalomiminiwa kioo. Mshono ukipanda mpaka ukavuka mdomo, hicho cha mashine, kipya. Ukikomea chini ya mdomo, na mdomo wenyewe umesuguliwa, hicho kimeona mengi. Kisha unatia kidole unapapasa kwa ndani. Elimu yenyewe ndiyo hiyo, haijazi kijiko, lakini mimi nilitembea nayo Kibiti nzima kama niliyerudi masomoni Ulaya.

Mdogo wangu Saidi alikuwa anakata mikoko huko deltani, na huko huko akampenda Mwanahawa, binti wa Mzee Pazi. Mpeleka posa alikuwa awe baba yetu mdogo, mtu mzima mwenye maneno yake, lakini homa ikamwangusha siku mbili kabla, na kungoja haikuwezekana kwa sababu kulikuwa na mtu wa kijiji cha Mkongo naye anamtaka binti huyo huyo na wazee wake walikuwa njiani. Nikatumwa mimi, pamoja na shangazi yetu Tatu wa kunisindikiza. Baba mdogo akaniambia pale kitandani, meno yanagongana kwa baridi ya homa, "Sema ulilotumwa, kula utakachopewa, rudi." Mambo matatu! Mtoto wa chuoni angeyaweza.

Tukafika Kiongoroni, kijijini kwa Mzee Pazi, kwa mtumbwi, tukapokewa vizuri mno, nikapewa dafu nikalinywa lote, nikapewa kashata nikala mbili (yakumbukeni hayo, yatanirudia). Ndani alikuwapo Mzee Pazi, mtu mpole, mzaliwa wa Mloka aliyeshuka deltani ujanani akaoa huko huko, na mama mkwe wake, Bibi Mwanaidi, ambaye ndiye hasa mwenye nyumba na mwenye neno la mwisho juu ya mjukuu wake. Mwanahawa mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia la chumba na wenzake, wananong'ona.

Bibi akataka kutufukizia udi. Akatoa kwenye kasha chombo cha kioo, mnyama aliyekaa kitako, kimo chake kama kikombe, akamgeuza juu chini, akafungua kifuniko cha bati chini ya makalio, akachukua vipande vya udi akatia chetezoni. Kisha yule mnyama akawekwa mkekani, wazi, mbele yangu kabisa.

"Simba wangu huyo," Bibi akasema kwa fahari. "Marehemu mume wangu alimtoa kwenye manowari ya Wadachi iliyozama huku kwetu, vita vile vya Wajerumani na Waingereza. Akaniletea mimi, tuna mwezi mmoja wa ndoa."

Hapo mtu mwenye akili anasema mashaallah, ananyamaza. Mimi mkono ukaenda wenyewe. Nikamchukua, nikapitisha ukucha, mshono huo, umekwenda mpaka umevuka mdomo wa chombo! Na nilipomgeuza usoni, masikio yamelala, pua fupi, na shingoni, wallahi, ana ukanda.

"Bibi," nikasema, na sauti ilikuwa ile ninayomsemea mke wa Mzungu, "hiki ni chombo cha peremende. Tena si cha Wadachi, ni cha hivi karibuni, dukani kwetu viko tele. Na huyu si simba. Huyu mbwa."

Shangazi Tatu alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa kiumbe chochote. Bibi Mwanaidi, mcha Mungu, aliyeswali miaka yote hiyo kwa nguo zilizofukizwa udi uliotoka tumboni mwa mnyama huyo, aliuliza polepole, "Kwa hiyo marehemu alinidanganya?" Na kabla sijajibu akainuka akaenda jikoni.

Mpaka hapo ningeweza kuomba radhi yakaisha. Lakini mimi nikaona dawa ni kuthibitisha kwamba nasema kweli (sijui nilifikiri ukweli ungempoza nani), nikatia kidole cha shahada ndani nipapase, nikakisukuma mpaka mwisho, na kilipotaka kutoka, fundo likagoma. Nikavuta. Nikazungusha. Kikavimba. Kwa hiyo hali ilikuwa hii: mimi, mpeleka posa wa ukoo wetu, nimekaa kwa watu na kidole cha mkono wa kulia kimo ndani ya makalio ya mbwa. Nikaingiza mkono wote chini ya kanzu nikatabasamu.

Na chakula ndiyo kikaja, wali wa nazi na kamba wakubwa, mvuke unapanda, na Mzee Pazi, katika kutaka kupoza mambo, akasema tule kwanza, mazungumzo baadaye.

"Mimi nimefunga," nikasema.

Mzee Pazi akanitazama. "Na lile dafu?"

"Nilisahau."

"Na kashata mbili?"

Mtungi wa kunawia ukafika mbele yangu, bakuli chini, wote wananingoja, nami kwa kuchanganyikiwa nikatoa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto, kwenye sahani ya watu wote! Shangazi akanifinya paja kwa kucha zote tano, akaninong'oneza, "Una wazimu? Mkono uko wapi?" na papo hapo Bibi Mwanaidi akatoka jikoni na kuuliza, "Simba wangu yuko wapi?"

Nikautoa mkono wa kulia. Mbwa akatoka naye, amekaa kitako juu ya kidole, ananitazama.

Pazia lilicheka. Sijui niseme vipi vingine, lile pazia zima lilitikisika kwa kicheko, na cha Mwanahawa kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Mzee Pazi akanishika kiuno, Shangazi akavuta, ikawa hivyo mara tatu, hola. Mzee akasema labda tuletewe mchi tukivunje. Bibi akaruka, "Kivunjwe kidole!" na naapa hakuwa anatania. Basi nikapakwa mafuta ya nazi mpaka kwenye kiwiko, nikaambiwa niinue mkono juu uvimbe upungue, nikakaa hivyo, mbwa juu ya kichwa changu, wenzangu wakala wale kamba wote mbele ya macho yangu, nami nikiwaza tu kwamba Saidi yuko mikokoni anangoja jibu, na wazee wa Mkongo wakifika sasa hivi watanikuta katika hali hii.

Kikatoka, alhamdulillahi, kioo kizima. Bibi akakipokea, akachukua kile kifuniko cha bati, nacho kimelowa mafuta, akakisugua kwa pindo la kanga. Masizi ya udi ya miaka yakatoka. Chini yake akaonekana ndege, mbawa wazi, yule yule aliyekuwa kwenye pesa za shaba za Wadachi. Machozi yakamlengalenga Bibi, akaniletea kifuniko mpaka puani.

"Soma, mtaalamu."

"Wadachi, Bibi," nikasema. "Nimekosa. Unisamehe."

"Marehemu alinidanganya?"

"Hakukudanganya."

"Na huyu ni nani?"

Akanigeuzia uso wa yule mnyama. Masikio yamelala. Ukanda shingoni, sasa unang'aa kwa mafuta. Nikamwona Saidi akilini mwangu, nikaona Shangazi anakunja kucha tayari.

"Simba," nikasema.

"Sema wasikie."

"Simba!"

"Haya," Bibi akasema, akamrudisha kashani. "Mjukuu wangu amecheka leo kuliko mwaka mzima. Posa tumeipokea. Lakini harusini aje baba yenu mdogo, wewe kaa kwenu."

Mzee Pazi akatusindikiza mpaka kwenye mtumbwi. Shangazi alipokwisha kupanda, akanisogelea sikioni, akasema kwa upole wake ule ule, "Kijana, mimi nimezaliwa Mloka. Simba wametumalizia mbuzi. Unadhani simba simjui? Ule ukanda niliuona siku ya kwanza nilipokuja kuposa, na mpaka leo sijasema."

Miaka yote ile kanyamaza, ndani ya nyumba moja na Bibi, na mimi sikuweza hata muda wa wali kuiva. Tangu siku hiyo sitii kidole changu kwenye chombo cha mtu, na ukiniletea kioo nikuambie umri wake nitakwambia ni kizuri, Mungu akuwekee. Na kwa nyinyi mnaoniulizaga kila shughuli alikuwa simba au mbwa, kwa mara ya mwisho: ni simba. Haya, leteni huo wali.