Babu Hakuwa na Uso Laini

Jeneza la babu lilikuwa wazi chini ya turubai la bluu. Kaburi lilishachimbwa nyuma ya shamba la mihogo, padri alikuwa ameitazama saa yake mara elfu moja na ushee, na mama yangu, kwa simu kutoka wodini Tabora mjini, alikuwa amesema: "Asizikwe. Huyo mliyenitumia picha yake si baba yangu."

Mama ndiye mtoto wa kwanza wa babu. Akisema hapana, hakuna wa kunyanyua jeneza, hata waje wanaume wenye misuli kutoka Igalula mpaka Kigoma.

Nianze alipoanzia yeye. Mama aliteleza nyumbani kwake Cheyo, mjini Tabora, akavunjika mguu, akafanyiwa upasuaji. Akiwa amelala pale na mguu umening'inizwa, babu akafariki huku kijijini. Mgonjwa haambiwi msiba, ndivyo tulivyolelewa. Kila alipouliza tulimjibu kwamba babu anakunywa uji, babu anaota jua. Mimi, ambaye chumvi huwa naimwaga kwa gunia, nilimwambia babu ameomba mguu mzima wa mbuzi na kuumaliza peke yake. Wakati huo babu alikuwa mochwari mjini akisubiri ndugu wa mbali wafike.

Mama aliambiwa asubuhi ya mazishi, baada ya daktari kuruhusu. Kutoka hapo maneno yetu kwake hayakuwa na uzito wa pumba. Akataka picha ya uso.

Dada yetu, binti wa mjomba, alikuwa na simu mpya yenye macho matatu mgongoni, ya kumulika hadi mwezini. Akampiga babu picha, akakimbia nayo hadi kwenye tuta la reli, kwa sababu huku kwetu sauti inapita popote ila picha haipiti mpaka upande pale juu. Akaituma kwenye simu ya binti wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, maana ya mama ni ya vitufe.

Mama akapiga. Mjomba akaweka sauti kubwa.

"Baba alikuwa na kovu kutoka kwenye nyusi mpaka shavuni," alisema. "Huyu shavu lake kama la bwana harusi. Mweupe! Mmepewa maiti ya watu, au mnanificha kitu tena."

"Dada, ni yeye, kovu lipo, nalitazama hapa," mjomba alisema.

"Jana pia ulikuwa unamtazama anakunywa uji."

Mjomba alifumba macho. Hapo wote tukageuka kuitazama ile picha. Kweli bwana! Simu ilikuwa imemremba mzee. Makunyanzi yote yamepigwa pasi, kovu limezikwa kabla ya mwenyewe, midomo ina rangi. Babu yangu, aliyefanya kazi ya kuunganisha mabehewa mvua na jua, alikuwa ametoka kama anakwenda kuposa.

"Sikugusa chochote!" dada alilia. "Imejifanyia yenyewe!"

Tulizima kila kilichozimika ndani ya simu ile. Tukapiga tena. Kovu likarudi kidogo, kama mstari wa penseli uliofutwa. Tukajaribu simu ya kuonana ana kwa ana palepale kwenye jeneza, lakini mama alichoona ni vipande vya kijivu vinavyorukaruka.

"Sasa ndiyo nini hiyo?" aliuliza. "Nimesema asizikwe."

Ndipo mjomba aliponikumbuka mimi. Au tuseme alikumbuka kilichoning'inia shingoni mwangu.

Mimi nimemaliza sekondari kwa masomo ya jioni nikiwa mtu mzima mwenye kitambi, na sikuishia hapo. Niliendelea na masomo ya kupiga picha, mtaa wa Kanyenye mjini Tabora, jioni hizohizo. Mwalimu wetu hataki kusikia habari za simu. Husema simu inakupa picha inayodhani unaitaka. Kamera inakupa ulichokiona, na ukikosea inakupa kosa lako. Alikuwa ameniazima kamera yake, nzito kama gunia la mpunga, akaniambia nikiirudisha na mkwaruzo nisiingie, niipitishe dirishani nikimbie.

"Mjomba, si ndiyo kazi uliyosomea?" mjomba alisema. "Fanya haraka. Jua linaondoka."

Nikasogea. Pembeni ya jeneza, juu ya kifuniko chake kilicholazwa mkekani, alikuwa amekaa bibi mmoja Mgogo, mjane wa mtu wa reli, jirani wa babu tangu enzi. Ni mtani wetu. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya wapagazi ilipokuwa inapita kwao kwenda pwani, na msibani mtani ana ruhusa ya kusema na kufanya ambayo sisi wafiwa hatuna. Alikuwa amekikalia kile kifuniko tangu asubuhi akidai jogoo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mpagazi. Umebeba nini hicho shingoni, kinu?"

"Kamera, bibi."

"Babu zenu walipita kwetu na mizigo kichwani, wakanywa maji yetu wakaondoka bila asante. Leo mnabeba vinu shingoni. Maendeleo hayo!"

Watu walicheka, mimi sikuweza. Nilipomtazama babu kupitia kamera alikuwa wa bluu. Turubai lilikuwa linammwagia rangi yake yote. Nikiituma hiyo, mama angesema tumemzamisha ziwani. Nikawaomba wanaume wainue upande wa turubai. Wakainua, jua likamwangukia babu usoni, na wazee wakaguna, kwa kuwa maiti haianikwi. "Shusheni!" mmoja alisema. "Shikilieni hapohapo!" nilisema mimi, msomi, kwa sauti niliyotumai ni ya msomi. Nikabana viwiko mbavuni kama tulivyofundishwa, nikashusha pumzi, nikabonyeza.

Alitoka. Wallahi, alitoka. Kovu lote, mvi za kidevu, hata kile kishimo kidogo juu ya pua. Nilimwonyesha mjomba kwenye kioo cha nyuma na mjomba akashika mdomo.

"Itume," alisema.

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Ile kamera ilikuwa ya zamani, haijui mtandao ni mnyama gani. Picha hutolewa kwa kuchomoa kadi na kuichomeka kwenye kifaa cha kuisomea, na kifaa kilikuwa Kanyenye, ndani ya droo ya mwalimu. Nilikuwa na babu mzima mkononi, na sina pa kumpitisha.

"Piga picha hicho kioo kwa simu," dada alisema.

Tukafanya hivyo. Ile simu iliutafuta uso ndani ya kioo cha kamera, ikauzungushia kijisanduku chake cha njano, ikampiga babu poda upya.

"Mmemwogesha mara ya pili," mtani alisema. "Mnyamwezi hajawahi kuwa msafi namna hii."

Pikipiki ya kumpelekea mama kamera mjini ingefika giza limeingia. Padri alimwita mjomba kando. Tulisikia kwamba ana misa nyingine na hawezi kungoja zaidi. Wazee nao walikuwa wameanza lile neno lao: kaburi halilali wazi. Kaburi likilala wazi litaita mwingine, na kila mmoja alikuwa anamfikiria yule aliyelazwa wodini.

Mjomba alirudi, akasimama mbele ya jeneza, akapiga simu, akaweka sauti kubwa.

"Dada, tunafunga. Nisamehe."

"Funga," mama alisema. Alikuwa ametulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. "Funga, mzike huyo mtu. Ila kuanzia leo usiniite dada. Na mimi nikitoka hapa nitamtafuta baba yangu nyumba kwa nyumba."

Mjomba alibaki ameishika simu mkononi baada ya kukatwa. Kisha akawaambia wanaume: "Leteni misumari." Mtani hakuinuka kwenye kifuniko. Mmoja akamwomba, "Bibi, tupishe." Akajibu, "Jogoo wangu yuko wapi?" Hakuna aliyecheka tena.

Nilikuwa bado na ile simu ya dada mkononi, nimeielekeza kwa babu bila kukusudia. Kijisanduku cha njano kilikuwa kinamzunguka uso. Nikasogea hatua moja, kikabaki. Nikasogea tena, karibu kabisa, hadi kwenye kioo kukabaki nyusi na shavu tu, na kijisanduku kikapotea. Simu haikujua tena kwamba huyu ni mtu. Na kovu lilikuwa pale, refu, lenye alama za nyuzi pembeni, kama lilivyo.

Sitajisifu, ingawa kujisifu ndiyo mchezo wangu. Darasani mwalimu alishatutuma mitaani Kanyenye tumpige mtu picha bila kuonyesha uso, mkono tu, au kisigino, na nilirudi na visigino vibaya kuliko vyote Tabora. Siku ile niliona ni zoezi la kupoteza muda.

"Mjomba, ngoja," nilisema. "Ngoja kidogo."

"Nimengoja vya kutosha!"

"Simu inaremba uso. Tusiipe uso. Tuipe vipande."

Nikapiga kovu. Nikapiga sikio la kushoto, lenye pengo juu. Nilitaka mkono wa kulia, lakini mikono ilikuwa imefungwa pamoja kwa rozari juu ya kifua, dole gumba limefichwa chini. Nilimtazama mjomba. Mjomba akatazama pembeni. Hakuna mtoto anayeanza kumvutavuta baba yake mikono mbele ya watu, akiwa ndani ya jeneza.

Mtani akainuka. Akaja, akaisogeza rozari, akauingiza mkono wake chini ya mkono wa babu.

"Lete mkono, mpagazi," alimwambia babu. "Ulikuwa mgumu kunipa chumvi, leo usiwe mgumu."

Akalitoa lile dole gumba. Ukucha wake ulipasuliwa na chuma cha behewa siku za ujana, ukaota pande mbili kama kwato ya mbuzi. Nikapiga. Mkono wa mtani ulitokea pia, umeushikilia wa babu kwa chini.

Nilikimbia hadi tuta la reli kwa mbio ambazo, nikisimulia siku za kawaida, huwa nasema niliipita treni. Dada alikuwa nyuma yangu, viatu mkononi. Kovu likaenda. Sikio likaenda. Mkono ukakwama, ukazungukazunguka, ukaenda. Tiki moja. Tiki mbili. Tukasimama juu ya kokoto. Nyuma yetu kule msibani walikuwa wameacha hata kuimba.

Tiki zikawa za bluu. Simu haikulia.

Tulirudi tukitembea. Nilimwambia mjomba kwamba ameziona. Mjomba akauliza amesemaje, nikasema hajasema. Padri akakunja kitabu chake.

Ndipo simu ya mjomba ikaita. Aliweka sauti kubwa, na kwa muda tulisikia kelele za wodi tu, beseni linaanguka mahali, mtu anaomba maji.

"Ukucha huo," mama alisema, "ndio aliokuwa ananimenyea karanga."

Mjomba alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kana kwamba mama anamwona.

"Nani amemshika mkono?"

"Mtani, dada."

"Mwambie asante." Akavuta pumzi ndefu. "Mfungeni baba. Ila usikate simu. Na udongo wangu wa kwanza, mwanangu animwagie."

Kifuniko kikafungwa, jogoo alikuwa ameshakamatwa, sijui na nani. Kaburini nilishika simu ya mjomba mkono wa kushoto, nikaishusha karibu na shimo nilivyoweza, na kwa mkono wa kulia nikachota udongo wa mama. Kamera ilikuwa inanigongagonga tumboni. Mazishi hayo sina picha yake hata moja.

Udongo ulipogonga mbao, mama alitaja jina la baba yake, mara moja, kwa sauti ya mtoto. Wanaume wakaanza kufukia kwa kasi, maana jua lilikuwa limebaki kidogo.

"Taratibu!" mtani aliwafokea kutoka upande wa pili, jogoo kwapani. "Mbona mnamfukia kwa pupa hivyo? Alikuwa anawadai?"

Ndani ya simu nikasikia mama anacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikakatika katikati, na kilichofuata nilikisikiliza nikiwa nimepiga magoti, mpaka koleo la mwisho.