Jiwe Lenye Kitumbo

Ipo siku moja ambayo huikumbuka, mwanangu, kila ninapoona mtu analima peke yake. Nilikuwa bado bibi harusi, sijamaliza hata mwaka kwenye ndoa, nimeinama shambani kwa mama mkwe wangu huku juu, njia ya Mwimbi, jembe langu likagonga kitu, kikalia. Kaa vizuri nikusimulie. Ugali bado, kuni zenyewe mbichi.

Mimi si mtu wa huku. Nilizaliwa Ilemba, bondeni, kwenye joto lake na mpunga wake. Odilo alinioa akanipandisha kwenye baridi hii, akakaa nami kidogo, kisha akaenda Mpanda kutafuta kazi. Nikabaki na mama yake. Mama Odilo alikuwa mtu wa maneno machache mno. Asubuhi nampigia magoti, shikamoo mama, ananijibu marahaba, basi, hiyo ndiyo imetoka mpaka jioni. Nililia sana mwaka ule, sikufichi. Unaweza kukaa nyumba moja na mtu, mkala sahani moja, na bado ukawa huna wa kuongea naye.

Wewe ntumba umezaliwa umezikuta, lakini mimi zilinishangaza. Kwetu bondeni hatulimi hivyo. Huku, mvua zikikaribia kuisha, watu wanafyeka majani, wanayafunika kwa udongo na kuinua vilima vya duara shamba zima, ndizo ntumba zenyewe, majani yakaoze humo ndani. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, vilima vinavunjwa, udongo unatawanywa, ulezi unapandwa. Na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Leo wanawake wote wako kwako, kesho wako kwa jirani, na mwenye shamba anawapikia kimpumu, pombe yetu ya ulezi, mnakaa mnaivuta kwa mirija na kutaniana. Siku hizo ndizo zilizokuwa zinaniweka hai. Walinicheka lafudhi yangu ya bondeni, nami nilicheka pamoja nao, kwa sababu kuchekwa nako ni kuongeleshwa.

Basi siku hiyo nilitangulia shambani mwenyewe. Jembe likalia, nikaona kijiwe cheupe, kidogo kama ukucha wa dole gumba, kina makali upande mmoja. Nikakipenda. Baadaye nikapata kingine, cheusi, kimechongoka kama ncha ya mshale. Nikawa navifunga kwenye pindo la kanga, jioni navifungua navitazama. Usinicheke. Mpweke hupenda hata jiwe.

Juma lilelile radi ikampiga ng'ombe wa Baba Filberti, jirani yetu wa kuvuka kijito. Nawe unajua, huku kwetu radi haihesabiwi kuwa ajali. Watu wanauliza imetumwa na nani. Na mimi, kwa bahati yangu, nikaenda kisimani, nikavua kanga nitengeneze kata ya kichwani, fundo likafunguka, vijiwe vyangu vyote vikamwagika miguuni pa wanawake. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mawe ya radi." Huku wanaamini radi hushuka na vijiwe vya namna ile, na anayeviweka ndiye anayeituma. Hakuna aliyenitukana. Walichota maji yao, wakatwikana, wakaondoka. Nikabaki na ndoo imejaa, hakuna wa kunitwika. Unaijua ndoo iliyojaa. Peke yako huinui mpaka kichwani. Nilimwaga nusu, nikainua nusu, nikarudi nyumbani nimelowa machozi na maji.

Siku ya zamu yetu ikafika. Mama Odilo alikuwa amepika kimpumu, chungu kikubwa, mirija imeoshwa. Hakuja mtu. Jua lilipanda, likasimama utosini, tukavunja ntumba wawili tu, yeye huku na mimi kule. Jioni akaja Baba Filberti na wazee wengine wawili. Alisema kwa adabu, huyo baba alikuwa na adabu hata anapokuchinja: "Mama Odilo, tunakuheshimu. Lakini huyu binti arudi kwao Ilemba kabla mvua hazijakolea. Kesho tutamsindikiza."

Kurudishwa bondeni kwa jina la uchawi, nani angenipokea? Hata mama yangu mzazi angeniangalia kwa jicho la pembeni.

Mama Odilo akanigeukia. "Ulivitoa ntumba ipi?"

Nikamwambia sijui. Huku na huku. Sikuweka alama.

"Hujui!" Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti. "Ungeniita ukiwa umesimama palepale, kabla hujakigusa, tungewaonyesha kilivyolala, na udongo wa shamba hili ulivyokishika. Sasa umevibeba kwenye kanga, wanasema umekuja navyo kutoka kwenu. Utawajibu nini?"

 

Akachukua jembe, akampa Baba Filberti. "Shamba hilo. Upande ule, tangu ntumba zilipoinuliwa, hajaugusa yeye wala mimi. Chagua ntumba mwenyewe, uvunje mwenyewe."

Alivunja, mwanangu. Akavunja ya kwanza, udongo mtupu. Akavunja nyingine, mizizi na funza. Nilisimama na kanga mdomoni nikihesabu nguo za kubeba kurudi kwetu. Alipofika ya pembeni, aliyoikata chini kwa hasira zaidi, jembe likalia. Akainama akakitoa, kimeganda udongo pande zote. Cheupe. Kina makali.

Mama Odilo alikuwa binti wa mhunzi. Baba yake alikuwa mmoja wa wale waliofua chuma wakati wa tanuru ndefu za udongo za kuyeyushia chuma, na alitumia nyundo za mawe, akizichonga mwenyewe. Yule mama akashuka kijitoni, akarudi na mawe mawili meupe, akapiga moja kwa lingine, mara moja, kwa pembeni. Kikaruka kipande chembamba. Akakiweka kwenye kiganja cha Baba Filberti pamoja na kile cha shambani.

"Papasa hapa, chini ya palipopigwa. Unasikia kitumbo?"

Mzee akapapasa. Kipo, uvimbe mdogo, na chini yake vijiwimbi kama vya maji yaliyoguswa.

"Papasa na hicho chako." Nacho kina kitumbo. "Jiwe likipasuliwa na jua au baridi halitoi hicho. Ni la kupigwa. Sasa tazama huu ukingo, umedonolewa kidogokidogo, upande mmoja tu, sawasawa. Nani hudonoa hivi? Na hapa jembe lako limekigonga sasa hivi, unaona kovu linavyong'aa? Makovu mengine yote yamefifia. Ni ya zamani kuliko babu yako. Hivi ni visu na mishale ya watu, Baba Filberti. Walikaa hapa, wakachuna nyama hapa, wakafa. Radi haina mkono wa kufanya kazi hii."

Yule baba akajaribu makali kwa kidole, yakamkata. Akanyonya damu. Kisha akauliza, sauti imeshuka, "Mama, mambo haya umeyajua miaka yote. Mbona hukuwahi kusema?"

"Nilipoletwa hapa kuolewa, niliviokota mimi pia, nikavipeleka kisimani kuuliza ni nini. Marehemu mama yako ndiye aliyewaambia wenzake wasinitwike ndoo. Ningemwambia nani?"

Wazee wakaaga, wakaondoka. Na mimi nikamwangalia yule mwanamke aliyenitia upweke kwa ukimya wake, nikaona kumbe ukimya ule alivishwa. Nilimwonea huruma. Na alijua vizuri kwamba akifungua mdomo kunitetea, wangeweza kuturudisha sote wawili kwenye jina lilelile. Akaufungua.

Usidhani kesho yake kijiji kizima kilikuja kunikumbatia. Walirudi mmojammoja, wengine hawakurudi kabisa. Lakini kila asubuhi Mama Odilo, na miguu yake iliyokuwa ikimuuma, alikuwa ananifuata kisimani. Hakuchota. Alikuja kunitwika tu.

Sasa yeye hayupo, Odilo hayupo, watoto wako Sumbawanga mjini na wengine mbali zaidi, wananipigia simu Jumapili baada ya misa. Siwalaumu. Ila nyumba ni kubwa, na jioni ni ndefu.

Nisikie basi, mwanangu. Ukilima ukakuta kijiwe cha namna hiyo, usikimbilie mfukoni. Kiache kilipo, mwite mtu mwingine akione, mkipige picha kwa hizo simu zenu kikiwa kwenye udongo wake, muweke alama ya mahali, kisha mpeleke habari kwa wanaojua mambo ya kale. Tafuta kitumbo, tafuta ukingo uliodonolewa, tofautisha kovu jipya na la zamani. Na kabla hujasema jiwe fulani ni la uchawi, papasa kwanza. Ukishajua ukweli usikae nao moyoni ukingoja wakuulize, maana kuna mtu anaumia wakati wewe umenyamaza.

Nimekuita kwa sababu. Yule Mama Masanja, wa wale Wasukuma wenye ng'ombe waliohamia kule chini, watoto wake wanachezea vijiwe vyeupe walivyookota shambani. Juzi radi imepiga mti karibu na zizi la watu. Jana nimemwona bombani amemwaga nusu ya ndoo. Nilijivuta nimfikie, magoti yakakataa, nikafika amekwisha kwenda.

Kesho alfajiri nenda wewe. Ukamwamkie, umtwike, halafu umwambie mimi, Bibi Yustina wa njia ya Mwimbi, napika kimpumu, aje na jembe, wewe na wenzako mtaanzia shamba lake yeye mwenyewe. Hivyo vijiwe nitavipapasa mimi mbele ya watu.

Mungu akulinde shambani na njiani, akupe ulezi wa kujaza ghala na masikio ya kusikia wanyonge. Na siku utakayosimama kisimani peke yako, ndoo imejaa, asikukose mtu wa kukutwika.