Ubeti wa Tatu Bila Kinanda

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani siku sita za wiki, na siku ya saba alikuwa mpiga kinanda wa usharika wetu wa Kilutheri. Mpaka leo sijui ipi ilikuwa kazi na ipi mapumziko, maana zote mbili alizifanya kwa miguu. Kinanda chetu kilikuwa cha zamani, cha kukanyaga. Ukiacha kukanyaga, pumzi inakata na wimbo unawafia watu mdomoni. Kwa hiyo aliyekwenda kwake kujifunza muziki wa ibada hakuoneshwa noti hata moja kwa mwezi mzima. Aliketishwa kwenye cherehani isiyo na uzi, akaambiwa akanyage huku akiimba, na ole wake gurudumu liende mbio hapa na kuchechemea pale.

"Miguu kwanza," mjomba alikuwa akisema, pini zimejaa mdomoni. "Vidole vina kiherehere, vitakuja vyenyewe."

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa mwisho, na nilikwenda kwa jeuri. Nilikuwa nimeokotaokota nyimbo tatu kwa kubahatisha, basi nikajiona nimefika. Mjomba alichukua chaki ya kushonea, akachora vibao vyeupe na vyeusi juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaniambia nipige hapo. Vibao vya chaki havina sauti. Sauti nilitakiwa niitoe mwenyewe kooni.

"Mpiga kinanda asiyeimba anajipigia mwenyewe," alisema. "Utajuaje watu wameishiwa pumzi kama ya kwako haijaisha?"

Wateja walikuja kupimwa suruali wakanikuta napapasa meza na kuunguruma besi kama ng'ombe mwenye mafua. Hakuna aliyethubutu kucheka mbele ya mjomba. Walivumilia mpaka barabarani, na huko nikawasikia vizuri sana.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Kilinuka pasi ya mkaa na vumbi la pamba, na mabaki ya vitambaa yalifika kwenye vifundo vya miguu. Mkaza mjomba alipiga pasi pembeni, na kila nilipoanza wimbo alitia sauti ya pili bila kuombwa, bila hata kuinua kichwa. Nilikuwa na furaha mle ndani. Wakati huo nilidhani ni usumbufu.

Kila mwanafunzi wa mjomba alihitimishwa kwa njia moja. Aliongoza ibada nzima ya Jumapili: kumpa mchungaji sauti ya kuanzia, kubeba majibu ya usharika, zaburi, nyimbo zote hadi baraka. Kisha, katika wimbo wa baada ya mahubiri, ukifika ubeti wa tatu, aliinua mikono akawaacha watu waimbe peke yao. Ubeti wa nne alirudi. Kama aliwaongoza vema, kinanda kiliwakuta palepale kilipowaacha. Kama aliwaburura, walikuwa wameshuka chini ya sauti ya kinanda, na kinanda kikiingia palikuwa na mgongano wa kutia ganzi meno.

"Ukikuta wamehama, wafuate hukohuko walikohamia," alitufundisha. "Kinanda ni mgeni. Wenye wimbo ni watu."

Saba walifaulu kabla yangu, na wote saba wakaondoka, huyu kachukuliwa na usharika mwingine, yule kafuata kazi mbali. Umri ulikuwa umemtupa mkono mjomba. Wazee wa kanisa walimwambia kwa upole kwamba nami nikishindwa, watatafuta mashine yenye nyimbo zilizorekodiwa: unabonyeza, inaimba. Mjomba aliitaja mashine hiyo kama mtu anavyomtaja mkwe asiyemtaka. "Itamsubiri bibi wa benchi la nyuma amalize neno lake?" aliuliza. Alitaka nifaulu kuliko nilivyotaka mwenyewe, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Wanasema siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Siku yangu haukuteleza hata mmoja, mpaka tulipofika ubeti wa tatu. Mjomba alikaa benchi la mbele, hatua nne kutoka nilipo, wazee wamejipanga nyuma yake. Niliinua mikono. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Mstari wa pili nikasikia watu wanashuka, kidogo kidogo. Nikatega sikio nimjue anayewavuta.

Alikuwa mjomba. Aliimba kwa nguvu zake zote, macho kafumba, chini kidogo ya wimbo, na usharika ulioizoea sauti ile kwa miaka thelathini ukamfuata kwa heshima. Ubeti ulipokwisha walikuwa wameshuka nusu sauti, kibao kimoja kizima. Mjomba akafumbua macho, akaniitikia kwa kichwa: ingia. Mtu aliyekuwa akisikia sindano ikidondoka kwenye lundo la vitambaa hakuwa amesikia chochote.

Wimbo niliuanza kwa ufunguo wa F, wenye kibao cheusi kimoja tu. Watu sasa walikuwa kwenye E, yenye vibao vyeusi vinne, na huko sikuwahi kuupiga. Ningeingia kwa F, kila mtu angeruka, na mjomba angeusoma uziwi wa masikio yake kwenye nyuso za watu, mbele ya kanisa zima. Nikaweka mikono mapajani. Wakaimba ubeti wa nne peke yao hadi mwisho, nami nimekaa pale kama niliyesahau nilichokuja kufanya.

Baada ya ibada tulikusanyika kwenye chumba cha mchungaji.

"Nilikupa ishara," mjomba alisema. "Kwa nini hukuingia?"

Wazee wote wakanitazama. Sentensi moja ingeniokoa. Nilikuwa nayo ulimini, na mtu mwenye jeuri yangu hajazoea kumeza maneno.

"Niliogopa, mjomba."

Uso ulimshuka. Angeweza kunitetea, mtoto wa dada yake, lakini hakuwa mtu wa hivyo. Akawageukia wazee. "Hajaiva," alisema. Nilitoka na kulia nyuma ya ukuta wa kanisa, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Siku ya nne nilikwenda dukani kurudisha kitabu chake cha nyimbo. Mkaza mjomba alinipokea mlangoni, akasema kwa sauti ya kawaida, mumewe yuko hatua tatu nyuma yake: "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie." Mjomba hakugeuka. Hapo nikaelewa kwamba mkaza mjomba naye alijua.

Mjomba aliponiona, alisimamisha cherehani.

"Wewe si mwoga," alisema. "Umekuwa ukinijibu tangu una meno mawili. Jumapili walishuka?"

Nilisogea karibu nikapaza sauti. "Walishuka."

"Kiasi gani?"

"Nusu sauti."

"Nani aliwashusha?"

Nilitazama suruali iliyokuwa mbele yake, mguu mmoja umekwisha, mwingine bado. Aliyafuata macho yangu, kisha akamgeukia mkewe. "Tangu lini?" Mkaza mjomba aliweka pasi pembeni, akainua vidole viwili. Miaka miwili. Mjomba akainamisha kichwa, nami nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote.

Alasiri hiyohiyo alikwenda kwa mzee mwenyekiti, utepe wa kupimia bado shingoni. Mwenyekiti alinisimulia baadaye. Mjomba hakukaa hata kwenye kiti. "Aliyeshindwa Jumapili ni mimi," alisema. "Yule binti alinistiri. Mpeni kinanda." Nami nikapewa, na mashine haikununuliwa.

Mjomba hakuacha kuja. Aliendelea kukaa benchi lilelile na kuimba kuliko wote, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia apunguze. Kila Jumapili, ubeti wa tatu, aliwachukua watu akawapeleka chini. Nami nilijifunza nyimbo zote upya, nusu sauti chini, kitabu kizima, ilinichukua karibu miezi minane. Ubeti wa nne ulipofika niliwakuta hukohuko alikowapeleka. Mchungaji alidhani ni ufundi wangu. Mjomba alitazama nyuso za watu, akaona zimetulia, akaniitikia kwa kichwa.

Ni mwaka wa nne tangu tumzike. Ubeti wa tatu bado nawaachia watu, na siku hizi wanabaki palepale, sawasawa na kitabu. Vidole vyangu hujipanga kwenye E kabla sijaviambia. Nangoja washuke, na hawashuki.