Kabla Bati Halijafika

Nakumbuka asubuhi moja kule Ulemo, mwanangu, nikiwa kijana mwenye kiburi cha mshahara wa kwanza. Serikali ilikuwa inahimiza nyumba bora, na mtendaji wa kijiji alipita akitangaza kwamba mabati ya bei nafuu yako njiani. Nyumba zetu za tembe, zenye kuta fupi na paa la udongo, alisema zimepitwa na wakati.

Mama yangu, bibi yako ambaye hukumwona, aliishi kwenye tembe aliyojengewa na majirani. Mimi nilikuwa naona haya kuwaleta wenzangu wa kazini pale. Basi nikaita vijana, tukaibomoa. Mama alisimama nje amekumbatia chungu chake.

"Sasa mimi nitalala wapi?" aliniuliza.

"Kwa mama mdogo, mama. Siku chache tu, utaingia kwenye nyumba ya bati."

"Na hayo mabati umeyaona?"

Nikacheka. Msomi mzima naulizwa swali kama hilo!

Mwanangu, yale mabati ya nafuu hayakufika. Ya dukani bei ilikuwa imeruka, mshahara wangu ukawa haufui dafu. Mvua ikazikuta kuta mpya za tofali mbichi nilizokuwa nimezisimamisha hazina paa, ikaziangusha zote. Mama akabaki kwa mdogo wake, akiomba ruhusa hata ya kuwasha moto. Hakunigombeza hata mara moja, na afadhali angenigombeza. Alifia kwenye chumba cha kuazima. Inaniuma mpaka leo.

Sasa wewe umepanga chumba Singida Mjini, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na umesikia kuna mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Umekuja kuniomba tuuze nyumba hii ili upate cha kuanzia. Najua umechoka, na mradi wenyewe siusemi vibaya, huenda ni mzuri kweli. Lakini nenda kwanza ukazione hizo nyumba, ushike kuta kwa mkono wako, uulize bei ya mwisho ni ipi na zikichelewa tutakaa wapi. Kisha usije kwangu. Nenda jikoni ukamuulize mama yako, maana humu analala na yeye. Mimi wa kwangu sikumuuliza.

Mungu akupe nyumba yako, mwanangu, na mama yako aingie humo akiwa hai.