Hesabu Zilizobaki Ukutani

Mchana, mvua ikiacha kunyesha hapa Kasongo, rezo, yaani mtandao wa simu, hurudi. Sijui mvua na rezo wana mapatano gani, lakini miaka yote hii nimeona hivyo: bati linanyamaza, kuku wanatoka walikojificha, halafu simu yangu pale dirishani inaanza kutetemeka. Saa hiyo mimi huwa nimelala nusu, daftari la mtu kifuani, na sauti za watu walio mbali zinaniingia kabla sijafumbua macho. Ni wanafunzi wangu wa zamani. Mmoja ni muuguzi Kindu, mmoja injinia Lubumbashi, mwingine yuko Ulaya kwenye baridi na kila siku anauliza kama maembe yameiva. Kwa dakika chache sijui kama niko kitandani au bado niko mbele ya ubao na chaki mkononi. Nazipenda sana dakika zile, na mtu akinigusa wakati huo namkasirikia.

Kikundi chetu cha simu kilianzishwa kwa ajili ya matanga na harusi, si kwa ajili ya shule. Siku moja baba mmoja akapiga picha kazi ya nyumbani ya mwanawe, akaiweka pale katikati ya tangazo la msiba na picha ya keki. Jibu lilikuja upesi, chai yake haijapoa. Tangu siku hiyo amani ikatuhama. Wakaja watoto wa Kasongo, wakaja wa Kindu, wakaja hata ambao hakuna aliyejua ni wa nani, kila mmoja na picha ya daftari na neno moja chini yake: "Tusaidie." Na kwa kuwa karibu wote mle ndani niliwafundisha hesabu, nikafanywa msimamizi. Sikuulizwa kama nataka.

Injinia wetu alikuwa na mkono mwepesi. Aliandika jibu zima kwa mwandiko wake mzuri, na chini anamalizia: "Kazi njema, msalimie mama." Basi wiki moja mwalimu kijana wa shule ya jirani akaniletea madaftari kumi na moja chini ya kwapa. Yote yalikuwa na jibu moja, lenye kosa moja, kwenye mstari wa tatu. Manne yalikuwa yamemalizia, kwa wino wa buluu na kwa adabu zote: "Kazi njema, msalimie mama." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Alipoondoka kicheko kikaisha, nikakasirika, na hasira yangu wanaonijua wanaijua.

Tulibishana siku mbili nzima kwenye kikundi. Injinia alisema watoto wanateseka, vitabu hawana, tuwape tu. Muuguzi akamjibu kwamba mtoto tunayempa jibu leo, kesho atakuja na sindano mkononi, na mkono utakaochomwa ni wake injinia. Yule wa Ulaya akatuma vikaragosi vya kucheka. Mwishowe nikakata shauri mimi: kuanzia leo jibu halitolewi. Mwanafunzi akileta swali, tunamuuliza kwanza amejaribu nini. Akionyesha kazi yake, tunamsaidia. Asipoonyesha, basi. Wote wakaandika "Ndiyo, Mwalimu", nami nikajiona nimefanya jambo la maana.

Haikupita muda ikaja picha kutoka upande wa Kabambare. Ukurasa mmoja safi sana, juu yake swali la hesabu za mwaka wa sita wa sekondari, chini yake patupu. Aliyeandika alijitambulisha kuwa ni msichana, anajitayarisha kwa mtihani wa Leta, ule wa taifa wa kumaliza sekondari na kupata diplome. Nikamuuliza amejaribu nini. Kimya, siku nne. Siku ya tano ukaja ukurasa mwingine, safi vilevile, swali jipya. Nikauliza tena. Kimya tena. Picha ya tatu ilinikuta nimeamka vibaya, goti linauma. Nikaandika: "Wewe ni mvivu. Hapa si soko la majibu." Kisha nikamwondoa kwenye kikundi, nikageukia ukuta, nikalala usingizi mtamu.

Karibu majuma mawili baadaye, mvua ikiwa inapungua, pikipiki ikasimama uani kwangu. Aliyeshuka alikuwa tope kuanzia viatu mpaka nyusi. Alikuwa amebeba mfanyabiashara kutoka Kabambare, akamshusha sokoni, akauliza njia mpaka kwangu. Nilimwona kama vile naota bado: mtu wa udongo amesimama mlangoni, anavua kofia.

"Jambo, Mama Mwalimu," akasema. "Mie njo mwenye ile simu muliondoa mu kikundi."

Alikuwa mjomba wa yule msichana. Nikampa kiti, nikampa maji. Alikunywa taratibu, kisha akaanza kunieleza bila lawama hata chembe, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Kwetu rezo haiko, mama. Mie napiga foto ku nyumba, simu inanyamaza. Nikifika ku kilima ya Salamabila, njo inatuma yenyewe. Nikirudia nyumbani siku ine zimeisha, njo mutoto anasoma majibu."

"Na majibu yalikuwa nini?" nikauliza, kana kwamba sijui.

"Ilikuwa maulizo, mama."

Kila mara yule mtoto aliposubiri siku nne alipata swali langu, na kwa kuwa hakujua ajibu vipi, alituma zoezi lingine akidhani labda lile la kwanza halikunipendeza. Nikamuuliza mjomba: kwa nini basi hakunionyesha alichojaribu? Akanishangaa. Akasema mwalimu haonyeshwi uchafu. Mwalimu wa msichana aliwafundisha hivyo, naye huyo mwalimu alisomea kwangu, hapa Kasongo.

Ni kweli. Miaka thelathini nimewaambia watoto: mimi niletewe kazi safi tu, majaribio yenu yabaki kwenu. Nimewahi kumrudisha mtoto kwenye benchi analia kwa sababu ya mfuto mmoja. Sasa nilikuwa nimeketi kwenye simu nikidai kuonyeshwa kile kile nilichowafundisha kukificha.

"Anajaribia wapi?" nikauliza.

Mjomba akatafuta simuni, akanipa picha ambayo haikuhusu shule. Msichana amembeba mdogo wake mgongoni, wote wanacheka, nyuma yao ukuta wa jikoni. Nikaikuza kwa vidole viwili. Ukuta mzima, kuanzia chini mpaka mkono wake ulipofika, ulikuwa hesabu, zimeandikwa kwa mkaa. Lile zoezi la kwanza lilikuwa kando ya sikio la mtoto mchanga. Alikuwa amelifanya lote, mistari tisa, na kosa lilikuwa moja: kwenye mstari wa nne, mahali pa kutoa, amejumlisha. Ningemwambia kwa neno moja tu. Niliona haya, nikamrudishia simu.

"Yeye yuko namna gani sasa?" nikauliza.

Hapo mjomba akaangalia chini. "Mama, kwetu barua ya mwalimu haisomewi pembeni. Niliisoma mu kiwanja, watu wote wanasikia. Baba yake alisikia ile neno ya mvivu. Akasema: basi, Mwalimu wa Kasongo mwenyewe ameona. Sasa mutoto anaenda shamba kila siku. Baba anasema ku mutihani hatamutuma."

Palepale nikachukua simu yake, nikarekodi sauti kwa yule baba. Nikamwambia nimekosa, binti yake si mvivu, amrudishe shule. Mjomba akaondoka nayo. Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu kweli. Nililala mchana bila usingizi, nikaamka asubuhi ukungu wa mto Lualaba umefika mpaka mjini na nyumba za ng'ambo ya barabara hazionekani, nami nikawa naona ule ukuta tu.

Katika kungoja huko niliwaandikia watu wa kikundi. Niliwaambia sheria yangu ilitengenezwa kwa mtoto mwenye rezo mfukoni, anayeweza kuulizwa sasa na kujibu sasa. Aliye mbali tusimpe swali peke yake alisafirie siku nne. Tumfanyie zoezi linalofanana na lake, hatua kwa hatua, na kila hatua tueleze sababu, kisha ndipo tuweke swali letu chini. Na tupokee mifuto, mkaa, mchanga, chochote alichoandikia. Injinia akasema: "Si nilisema?" Nikamwambia anyamaze, yeye bado ana deni la salamu za mama wanne.

Jibu la baba likaja siku ya tano, sauti nzito ya mtu asiyezoea simu: "Asante, Mama Mwalimu. Lakini usijisumbue. Mwalimu hawezi kukosa. Kama ulisema mvivu, njo vile uliona."

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa ananiheshimu, na heshima yenyewe ndiyo iliyokuwa inamfungia mtoto mlango. Niliisikiliza sauti ile mara tatu. Kisha nikampigia mjomba kila siku mpaka nikampata kwenye rezo, nikamwambia akija Kasongo tena asirudi bila mimi. Nyumbani wakapiga kelele kuhusu goti langu. Nikawaambia nitalala huko siku mbili tu.

Safari ile siikumbuki sawasawa. Nakumbuka mgongo wa mjomba, harufu ya petroli na majani mabichi, madaraja ya magogo ambapo nilishuka na kuvuka kwa miguu, wanawake wenye mizigo kichwani wakijitenga pembeni na kutupungia. Nilisinzia, nikaamka, msitu ulikuwa bado pale pale kushoto kwangu, kana kwamba hatuendi popote. Tulifika jua linapungua.

Baba alinyanyuka upesi, akanipa kiti chake chenyewe. Msichana alikuwa ametoka shambani, miguu ina udongo, akanisalimia kwa mikono miwili bila kuniangalia. Nilitazama jikoni. Ukuta ulikuwa umepakwa udongo mpya, laini, hakuna hata alama moja. Mama yake akaniambia waliupaka wiki iliyopita, kwa sababu mtoto alikuwa akiuangalia tu bila kula.

Nikaomba watu wa nyumbani wote wakae, kama walivyokaa siku ile ya kusomewa neno langu. Nikachukua simu ya mjomba, nikakuza ile picha, nikampa baba. Nikamwonyesha kwa kidole mstari baada ya mstari, ingawa hesabu zile hakuzijua. "Baba," nikamwambia, "hii ni kazi ya siku nyingi. Aliifanya peke yake, akiwa amebeba mtoto. Mimi sikuiona, nikamtukana. Nilikosa." Nilikuwa sijawahi kusema neno lile mbele ya mwanafunzi maisha yangu yote.

Mdogo mmoja akakohoa. Baba aliishika ile simu kwa mikono miwili, akaitazama, akaigeuza, akautazama ukuta.

"Kumbe na mwalimu anakosaka," akasema polepole. Kisha akamgeukia binti yake: "Kesho hauendi shamba."

Msichana hakuruka, hakucheka. Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza, kwa macho ya mtu anayepiga hesabu.

"Mama Mwalimu, utabakia siku ngapi?"

Nikasema juma moja.