Gome Lililokuwa Chini ya Meza

Aibu hii nimetembea nayo tangu miaka ya sabini, na mnaonijua mnadhani mimi ni mtu wa maana, basi leo wacha niwavunjieni heshima yangu mwenyewe.

Nilikuwa nikifanya kazi kwa daktari mmoja mama (si wa kutibu watu, wa kusoma wadudu), naye alinipeleka msitu wa Kakamega kutafuta mdudu bapa, wa rangi ya gome, anayeishi ndani ya maganda ya mti ambao wazee wa kwetu huuchemsha wakisumbuliwa na mkojo. Miti ilikuwa imechunwa hadi ikakauka. Siku ya nne tukapata mmoja ulioanguka, na chini ya gome lake wadudu walikuwa wakitembea polepole, kimya, nami nikawapenda pale pale.

"Wafula," daktari akaniambia, "hawa wakizaa tutawarudisha msituni. Sijui kama kuna wengine."

Tulifika Nairobi Jumamosi, ofisi imefungwa, nami kwa kujitia kimbelembele nikasema nitawalaza kwangu Kaloleni hadi Jumatatu. Nikalifunga gome lenye wadudu kwa gunia bichi, nikaliweka chini ya meza.

Jumapili mchana nikajilaza nyuma ya pazia. Nikaota niko msituni, mwanga wa kijani unanishukia usoni, na ile harufu ya gome, chungu yenye utamu kwa mbali, inazidi kunikaribia, nami naifuata tu, naifuata, hadi nikaamka na bado naisikia. Kumbe ni sufuria.

Mama mkwe alikuwa amekuja kumwona mjukuu, pamoja na akina mama wa kanisa. Mke wangu alikuwa ametoka kuazima vikombe. Mama mkwe akaliona gome, akalitambua, akajua mkwe wake anaumwa na anaficha, akavunja nusu akaichemsha.

Sasa, kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe hata kutazamana usoni ni shida, sembuse kumwambia amechemsha wadudu. Mama Auma, kiongozi wa wale akina mama wa kanisa, ndiye aliyeniletea kikombe.

"Kunywa, baba. Hata mzee wangu alianza hivi hivi."

Nikanywa (nina miaka ishirini na minane, jamani). Wakaniombea kwa sauti, madirisha wazi, ili mkojo wangu utoke bila taabu, na nje majirani wakaitikia amina.

Nusu ya gome ilikuwa bado mezani. Nikaona wadudu wawili wakitambaa ukingoni. Mama mkwe akasema, akiutazama ukuta, "Limebaki jingi. Kila mmoja ampelekee mzee wake." Neno lilinijia hadi mdomoni, nikalimeza. Wakagawana, wakafunga kwenye leso, wakaenda.

Jioni nilibisha mlango baada ya mlango. Wote walikuwa wameshakunywa. Mzee mmoja alinishika mkono kwa mikono miwili akinishukuru.

Jumatatu daktari alikuwa ametandika kuvumwani, ile mimea laini inayoota kwenye magome, ndani ya sanduku la kioo kuwangojea wadudu. Nilipomweleza hakunifokea. Aliuliza tu kama kuna hata mmoja aliyebaki, kisha akaanza kuitoa ile kuvumwani, kidogo kidogo. Niliona uchungu ambao sijauona tena.

Tangu hapo niliapa: kikiwa hai na kinaelekea sufuriani, nitasema, hata anayekoroga awe nani.

Mama mkwe alikuja kuyajua baada ya miaka mingi. Alimwambia mke wangu, nami nimekaa pale pale, "Mwambie angesema tu. Ningeliacha."